Paka wangu ametafuna mmea unaokula wadudu: nani yuko hatarini hapa?

MamaPamba:

Habari za leo wadau. Nitaeleza kwa urefu, maana nikikatisha maneno mtalazimika kunihoji, na mimi nataka nijue la kufanya kabla giza halijaingia.

Nina paka wawili. Pamba ni jike, mweupe, ana miaka sita na hajawahi kujali jani lolote. Masizi ni dume, mweusi tii, ana miezi kumi na moja, na chochote kinachotikisika anakihesabu kuwa chake. Nina pia mimea minne inayokula wadudu: Dionaea moja, ile yenye mitego kama midomo yenye kope ndefu, Drosera capensis mbili, zile za majani membamba yaliyojaa vinywele vyekundu vyenye matone ya ute, na Nepenthes moja niliyoitundika karibu na dirisha, ina vibuyu sita.

Jana alfajiri nilisikia sahani ikiburuzika. Nilipowasha taa nikamkuta Masizi amejikunyata kando ya chungu cha Dionaea, mtego mmoja umefumba juu ya sharubu lake la kushoto, na yeye ametulia kimya kama mtoto aliyeshikwa sikio. Alipotikisa kichwa sharubu likachomoka. Mtego mwingine ulikuwa sakafuni, umekatwa, umejifunga kama ngumi. Alikuwa ameshatafuna majani mengine mawili na ameshakunywa maji ya kwenye sahani ambayo chungu hukaa. Kama saa moja baadaye akatapika povu jeupe lenye kipande cha jani. Baada ya hapo akala vizuri, akacheza, akalala. Leo yuko sawa kabisa.

Ninachotaka kujua ni hiki. Je, mmea wenyewe una sumu kwa paka? Na yale maji ya ndani ya vibuyu vya Nepenthes, yanayoyeyusha wadudu, si yanaweza kumuunguza tumbo? Maana nimeshamfumania mara mbili amepanda juu ya kabati, ametumbukiza mguu ndani ya kibuyu, kisha anaulamba. Na ule ute wa Drosera, ambao ulishawahi kumganda mkiani?

Dada yangu ananiambia nichague, paka au mimea. Zile Drosera nilizipanda kwa mbegu ndogo kama vumbi, nikasubiri mwaka na nusu hadi zikaweza kushika nzi. Masizi nilimlea kwa chupa tangu hajafumbua macho. Sitaki kuchagua. Nisaidieni.

Kijani Kibichi:

Pole sana. Mimi nilikuwa na shida hiyo hiyo na mimea ya maua. Weka vidonge viwili vitatu vya nafthalini juu ya udongo, paka hachukui harufu ile. Au nyunyizia mafuta ya maganda ya limau kuzunguka chungu. Hatasogea tena.

Mlezi wa Vibuyu:

Dada MamaPamba, nimekaa na mimea hii miaka kumi na miwili, na muda wote huo nyumba yangu haijakosa paka. Nitakujibu yote, ila nianze na hili la juu kwa sababu haliwezi kusubiri.

Ndugu yangu Kijani Kibichi, najua umesema kwa nia njema. Lakini nafthalini ni sumu kwa paka. Akilamba au akimeza hata kidonge kimoja inaharibu chembe nyekundu za damu na ini. Mafuta ya limau na mafuta mengine makali ya mimea nayo ni hatari kwao, kwa sababu ini la paka halina uwezo wa kuvunja vitu vya aina hiyo kama ini letu au la mbwa. Yakidondoka kwenye manyoya, paka atajilamba, na yote yataishia tumboni. Tafadhali usiviweke, dada, na kama umeshaviweka, viondoe sasa hivi.

Haya, sasa Masizi.

Dionaea haina sumu kwa paka. Nepenthes haina, na Drosera hizi za nyumbani hazijulikani kumdhuru paka. Kule kutapika ni jambo ambalo paka wengi hufanya wakila jani lolote, hata la nyasi: nyuzi zinawasumbua tumbo, linarudisha. Ametapika mara moja, akala, akacheza. Kwa jani lenyewe, nisingepoteza usingizi.

Mtego nao hauna nguvu ya kumuumiza. Utie ncha ya kidole chako uone, ni kama kushikwa na karatasi iliyokunjwa. Ndani ya kila upande wa mtego kuna vinywele vidogo, kwa kawaida vitatu. Vikiguswa mara mbili ndani ya sekunde kama ishirini, mtego unafumba kwa kasi ambayo jicho halifuati, kama sehemu ya kumi ya sekunde. Sharubu la paka ni kama limeumbwa kwa kazi hiyo: linagusa, linarudi, linagusa tena. Anayeumia hapo ni mmea. Kila kufumba bure kunaula nguvu, na mtego uliofumba bure mara nyingi unachoka, unageuka mweusi na kufa. Kama Masizi anavichezea kila usiku, Dionaea yako itadhoofika hata asipoing'ata.

Maji ya vibuyu: ndiyo, yana asidi, na yana vimeng'enya vya kuyeyusha protini. Lakini asidi ile inapanda baada ya mdudu kuingia, na kiasi anachotoka nacho mguuni ni matone machache. Tumbo la paka lenyewe ni bwawa la asidi kali. Ninachokihofia mimi ni kile ambacho binadamu ametia humo. Wako wanaodondosha punje za mbolea ndani ya vibuyu ili mmea ukue haraka. Je, wewe umefanya hivyo? Kama ndiyo, mimina vyote vinne, vitano, vyovyote vilivyopata, suuza, kisha rudishia maji safi kidogo. Punje ya mbolea iliyotolewa na kucha na kulambwa ni habari nyingine kabisa.

Ute wa Drosera ni maji na sukari zilizofungamana, zikawa kama gundi. Mfute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Usikate manyoya, usitumie sabuni yenye harufu.

Kwa hiyo swali lako la nani yuko hatarini, mimi nalijibu hivi: mmea hautamdhuru paka, paka ataudhuru mmea, na kinachoweza kumuua paka ni dawa na mbolea tunazoweka sisi. Nieleze sasa: Dionaea umeipata lini, na ilinyunyiziwa nini kabla haijafika kwako? Udongo wake ni upi? Sahani ya maji unaitia nini?

MamaPamba:

Asante sana kaka, umenishusha presha. Nafthalini sikuweka.

Dionaea nimeipata wiki tatu zilizopita. Aliyeniuzia aliniambia ilikuwa na vidukari, "tumeshaipiga dawa, usijali." Dawa gani sikuuliza, na sasa ndiyo kitu kinachonikosesha amani. Mbolea sijaweka popote. Sahani naitia maji ya mvua peke yake. Udongo ni mboji ya sfagnamu, ile kuvumwani ya majimaji, na perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za mawe, nusu kwa nusu, na juu nimetandaza kuvumwani hai ya sfagnamu, kwa sababu inapendeza na inahifadhi unyevu. Wakati naipanda, Masizi alikuwa anapigania ile kuvumwani mikononi mwangu, akanikwaruza kwenye kifundo cha mkono. Mchubuko umepona.

Mlezi wa Vibuyu:

Hiyo dawa ya vidukari ndiyo jambo la kushughulikia kwanza. Mpigie aliyekuuzia, mwombe akutajie jina lililoandikwa kwenye chupa, usikubali "dawa ya kawaida." Kuna dawa zinazofyonzwa na mmea zikakaa ndani ya majani kwa wiki nyingi, imidaklopridi ni mojawapo, na kuna zinazobaki juu ya jani. Ile ninayoiogopa kuliko zote ni pemethrini.

Nitakuambia kwa nini. Miaka saba iliyopita nilikuwa na paka wa kijivu aitwaye Sululu. Waridi la barazani lilijaa vidukari, nikachanganya dawa ya pemethrini ya kupima, nikaipima kwa macho, nikanyunyizia jioni. Sululu alikuwa na tabia ya kulala chini ya lile waridi. Usiku saa nne akaja chumbani anatembea kama sakafu inamkwepa. Masikio yanacheza, ngozi ya mgongo inaruka yenyewe, mate yanamtoka. Baadaye mwili mzima ukaanza kutetemeka. Nilimfunga kwenye taulo nikakimbia naye kwa daktari wa mifugo, nikichukua na chupa. Ile chupa ndiyo iliyomsaidia, kwa sababu daktari alijua papo hapo anapambana na nini. Alioshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, akapewa dawa ya kutuliza misuli, akalazwa siku mbili. Alipona. Lakini zile saa za kwanza, nimemshika naye anatetemeka mikononi mwangu, nazikumbuka mpaka leo. Pemethrini kwa mbwa inavumilika na hata hutumika kama dawa yake ya viroboto. Kwa paka ni sumu kali.

Tangu siku ile sijanyunyizia kitu chochote chenye sumu kwenye mmea ulio ndani ya nyumba. Vidukari vya Dionaea nawaondoa hivi: nachukua ndoo ya maji ya mvua, nazamisha chungu kizima pamoja na majani, naweka jiwe dogo la kukizuia kisielee, nakiacha siku moja hadi mbili. Mmea huu asili yake ni maeneo ya majimaji ya Carolina Kaskazini na Carolina Kusini huko Marekani, mafuriko ya siku mbili hayaushtui. Vidukari vinaelea vimekufa. Mayai yakibaki narudia baada ya wiki moja.

Kuhusu kuvumwani na mchubuko wako, kuna mtu humu anafanya kazi kwa daktari wa mifugo, atafafanua vizuri kuliko mimi.

Msaidizi wa Kliniki:

Nipo, nimesoma yote. Dada MamaPamba, hongera kwa kuandika mpaka rangi ya povu, watu wengi wanatuletea paka bila kujua hata alikula lini.

Kwa Masizi, kwa kuwa dawa haijulikani, mwangalie siku mbili tatu hizi. Mlete kwa daktari bila kusubiri ukiona anatapika tena na tena, anatokwa mate, anatetemeka, anayumba, amekataa chakula siku nzima, au anakwenda kwenye sanduku la mchanga na hakojoi. Chukua picha ya mmea na jina la dawa ukilipata. Na usimtapishe wewe mwenyewe. Kuna watu wanawanywesha paka maji ya chumvi ili watapike. Chumvi hiyo yenyewe inaweza kumuua.

Sasa kuvumwani ya sfagnamu. Ndani yake anaweza kuishi kuvu aitwaye Sporothrix, na ugonjwa wake unaitwa sporotrikosi. Anaingia kupitia mchubuko au mwiba. Kwa binadamu huanza kama kipele kigumu kisichouma sana pale palipochubuka, kwa kawaida wiki kadhaa baadaye, kisha vingine vinafuata kwenye mstari vikipanda mkono. Paka naye hupata, vidonda vinatokea usoni, puani na miguuni, na paka mgonjwa anaweza kumwambukiza mtu kwa kumkwaruza au kumng'ata. Hutokea kwa nadra, na dawa yake ipo, lakini inachukua miezi. Kwa hiyo: vaa glavu unaposhika kuvumwani, ilowanishe kwanza isipeperuke vumbi, mfungie paka chumba kingine wakati unapanda, na yule mchubuko wako uendelee kuutazama. Ukiona kipele hapo mahali, mwambie daktari wako neno moja: sfagnamu. Asipolisikia anaweza kukutibu jipu kwa muda mrefu bila kujua.

Halafu naomba niulize kitu nje kidogo ya mada. Nyumbani una mayungiyungi? Yale ya jenasi Lilium, na yale ya Hemerocallis ambayo ua lake hudumu siku moja. Nauliza kwa sababu watu wanakuja kwetu na hofu ya mmea wenye meno ya kuchekesha, kumbe mezani kuna chombo cha mayungiyungi. Yale yanaua figo za paka ndani ya siku moja hadi tatu. Jani, chavua iliyodondoka kwenye manyoya akailamba, hata maji ya chombo. Nimeona wanne. Mmoja tu ndiye aliyerudi nyumbani.

MamaPamba:

Mungu wangu. Nilikuwa nayo barazani, mashina matatu kwenye chungu. Nimeyatoa sasa hivi nikiwa nasoma, nimeyafunga kwenye mfuko, nimemwita Masizi nikamkagua pua na manyoya. Hakuna chavua. Hayajachanua bado. Mikono inanitetemeka.

Msaidizi wa Kliniki:

Umefanya vema, na umewahi. Futa na pale chungu kilipokuwa, kwa kitambaa chenye maji, kisha kitambaa kitupe. Kama unaona hata jani moja lina alama ya meno, usisubiri dalili, mlete leo leo.

MamaPamba:

Nimeyakagua moja moja kwenye mfuko. Yote mazima. Asante, asante sana.

Mlezi wa Vibuyu:

Tushukuru. Sasa tumtafutie Masizi na Dionaea namna ya kuishi nyumba moja.

Usihangaike na kuweka vitu juu zaidi. Paka mzima mwenye afya anaruka mita moja na nusu bila kujikaza, na wako ana miezi kumi na moja, mwili wote ni springi. Ile Nepenthes yako haikuponzwa na urefu wa ndoano, iliponzwa na kabati. Isogeze mahali ambapo hakuna kiti, kabati, pazia wala kizingiti ndani ya mita mbili upande wowote, na ndoano iwe imeshika kwenye boriti, siyo kwenye dari tupu. Siku moja ataruka hata hivyo, na hutaki chungu kimwangukie. Fupisha na kamba zinazoning'inia: kamba iliyomezwa na paka inakunja utumbo, hiyo ni kesi ya upasuaji.

Dionaea na Drosera zitie ndani ya tangi la kioo la samaki la zamani, lenye mfuniko wa wavu wa chuma unaobanwa na vibanio. Wavu, siyo kioo. Tangi lililofunikwa kioo likipigwa na jua la dirishani linageuka oveni, nimeshawahi kuchemsha Drosera nane kwa mchana mmoja. Wavu uwe mgumu kiasi cha kubeba kilo tano, kwa sababu atalala juu yake. Paka wangu wa sasa analala hapo kila siku, taa inampa joto, Drosera ziko chini ya tumbo lake, na hakuna anayemsumbua mwenzake. Ukitumia taa, iwake saa kumi na mbili hadi kumi na sita kwa siku, na waya upitishe ndani ya bomba gumu la plastiki. Waya unatafunwa kama jani.

Maji ya sahani yatahamia ndani ya tangi, basi hatayanywa. Si kwamba maji ya mvua yana sumu, ila yamesimama, yamejaa mboji na viluwiluwi. Wewe endelea na maji ya mvua au yaliyokenekwa tu. Mimea hii imezoea udongo usio na kitu. Maji ya bomba yenye chumvi zaidi ya sehemu 50 kwa milioni yanaiua polepole, mizizi inaungua.

Hapo hapo niseme la mkojo, maana hukuliuliza lakini litakuja. Mboji laini yenye unyevu, kwa paka dume kijana, ni choo. Mkojo una urea na chumvi nyingi, na mizizi ya mimea hii haivumilii hata robo yake. Drosera yangu moja ilikojolewa, nikaisuuza kwa lita sita za maji ya mvua, nikaokoa nusu. Kama una chungu kinachobaki nje ya tangi, funika udongo kwa kokoto kubwa kuliko kucha ya dole gumba. Ziwe za kwatsi. Dondoshea siki kwenye kila aina ya kokoto kabla hujaitumia: ikitoa mapovu, hiyo ni ya chokaa, itautia mmea madini usiyoyataka.

Mwisho, na hili usiliache: Masizi anatafuna kwa sababu anataka majani. Mpandie yake. Chukua ngano, shayiri au oti ambayo haikutiwa dawa ya mbegu, loweka usiku mmoja, tandaza kwenye chombo cha upana wa sahani. Siku ya saba hadi ya kumi una nyasi ndefu kama kidole. Weka pale pale alipozoea kufanya uharibifu, siyo kona nyingine ya nyumba.

Bwawani:

Naongeza moja. Mkishaizoea Dionaea mtataka Sarracenia, ile ya mirija mirefu inayosimama wima. Watu wanasema zote hizi ni salama, na sijasikia paka aliyekufa kwa Sarracenia. Lakini ndani ya Sarracenia flava imepatikana koniini, sumu ile ile iliyo kwenye hemloki, ingawa kidogo. Zangu ziko nje, juani, ndani ya uzio wa wavu. Na huko ndiko zinakostawi, kwa sababu zinataka jua la siku nzima na baridi ya kupumzika miezi mitatu minne. Dionaea nayo inataka baridi hiyo. Wengi wanadhani paka ndiye aliyeiua, kumbe ilikufa kwa kunyimwa usingizi.

Kijani Kibichi:

Mimi niliyeshauri nafthalini. Nimesoma yote, na nimeenda kuzitoa kwenye vyungu vyangu vyote vitano, mbili zilikuwa zimeshapungua na sijui zilienda wapi. Paka wangu nimempeleka kwa daktari kupimwa damu. Amesema chembe ziko sawa. Samahani dada, na asanteni kwa kunirekebisha bila kunitukana.

MamaPamba:

Narudi baada ya wiki tano, nilisema nitaleta majibu.

Aliyeniuzia alipekua akanipa jina la dawa: ni sabuni ya kunyunyizia mimea, hakuna pemethrini wala imidaklopridi. Masizi hakutapika tena. Mkono wangu hauna kipele.

Tangi nimelipata, la sentimita tisini, lina ufa mdogo kwenye kona lakini kwa mimea si tatizo. Wavu niliukaza kwa vibanio sita baada ya vinne kushindwa usiku wa kwanza. Nepenthes nimeihamishia katikati ya chumba, mbali na kila kitu. Alikaa chini yake siku tatu akiitazama na kupima kwa macho, kisha akaachana nayo. Ngano ndiyo iliyonishangaza: Masizi aliinusa akaondoka, na Pamba, yule asiyejali jani maisha yake yote, ndiye aliyekaa akaila mpaka ikabaki mashina. Ikabidi nipande vyombo viwili. Sasa kila mmoja ana chake na wanakula asubuhi wakiwa wamepeana migongo.

Dionaea ilibaki na mitego mitatu. Mmoja uligeuka mweusi, ule uliokamata sharubu. Nilikuwa nimeshakata tamaa, ila juzi nilipoinamia tangi na tochi nimeona katikati, chini kabisa, kuna vichipukizi vinne vimejikunja, vidogo kama punje za mchele, kope zao bado zimelala. Leo asubuhi cha kwanza kimeanza kufumbuka. Masizi alikuwa juu ya wavu, amelala, sharubu moja limepenya kwenye tundu na kuning'inia sentimita kama kumi juu yake.